Mapokezi ya Sura Mpya za Simu Janja: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Tunduma, Mkoani Songwe

1.0 Utangulizi

Mwaka 2013 ulishuhudia mabadiliko mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Tarehe 1 Januari, Benki Kuu ya Zambia ilianza kutoa kwacha mpya iliyopunguzwa sifuri tatu, hivyo noti ya kwacha 50,000 ikawa sawa na kwacha 50. Tarehe 18 Septemba, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iOS 7, toleo la mfumo endeshi lililobadilisha sura ya simu za iPhone kwa kiasi kisichowahi kuonekana tangu simu hizo zianze kuuzwa mwaka 2007. Badiliko la kwanza liligusa Tunduma mara moja, kwa kuwa mji huo umepakana na Nakonde ya Zambia. La pili lilifika polepole na kwa njia ya mzunguko, kupitia simu za bei nafuu zilizofuata mitindo ya namna hiyo. Yote mawili yalimtaka mtu wa kawaida ajifunze upya kusoma kitu anachokishika mkononi kila siku.

Makala haya yanachunguza sababu za watumiaji kugawanyika kila sura ya simu janja inapobadilishwa. Wapo wanaofurahi, wapo wanaolalamika, na wapo wanaonyamaza hadi wazoee. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vijana hupenda mapya na wazee huyakataa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mazoea ya mtumiaji ni mali aliyoichuma kwa muda na jasho. Kwa hiyo, mapokezi hutegemea mambo mawili: kiasi cha mali hiyo kinachopotea, na kama mwenye mali alipewa muda wa kuvuka kutoka sura ya zamani kwenda mpya.

2.0 Tunduma kama Mji wa Kuvuka

Tunduma ni mji uliokua kwa sababu ya njia. Barabara kuu ya TANZAM hupita hapo kuelekea Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huvuka mpaka papo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Kwa muda mrefu mji huo ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 97,562 mjini Tunduma; ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 200,000.

Katika mji wa namna hii, simu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo. Dereva wa lori anayesubiri kibali, mfanyabiashara wa mahindi, mbadilisha fedha na wakala wa pesa kwa simu hufanya kazi kwa haraka, aghalabu juani, huku noti za nchi mbili zikipita mikononi. Kosa dogo la kubonyeza linaweza kupeleka fedha kwa mtu asiyekusudiwa. Kwa sababu hiyo, swali la mahali kitufe kilipo haliishii kwenye ladha ya macho, linagusa riziki.

3.0 Maarifa ya Kidole Enzi za Kitochi

Simu za mkononi zilianza nchini Tanzania mwaka 1994 kupitia kampuni ya Mobitel. Kuingia kwa Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001 kuliongeza ushindani, na huduma ikaenea nje ya miji mikubwa. Simu zilizopendwa zaidi zilikuwa ndogo, ngumu na zenye chaji ya kudumu. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa na tochi kichwani, na kutokana na tochi za namna hiyo Watanzania wakapata neno "kitochi", jina ambalo hadi leo hutumika kwa simu ndogo za vitufe.

Kitochi kilijenga maarifa ya pekee. Kitufe cha kijani kilipokea, chekundu kilikata. Menyu ilikuwa orodha iliyopangwa kwa mfuatano usiobadilika, kiasi kwamba mtu aliyesoma kwa shida aliweza kuhesabu mibonyezo badala ya kusoma maneno: mara mbili chini, kisha katikati. Kwa familia nyingi za vijijini ambazo hazikuwahi kuwa na simu ya mezani, mchoro wa mkono wa simu haukuwakumbusha kifaa chochote cha nyumbani. Walichojifunza ni rangi na mahali. Maarifa hayo hayakufundishwa shuleni wala kuandikwa popote, bali yaliishi kidoleni na kupokezanwa kati ya jirani na jirani. Ni maarifa haya hasa yanayohatarishwa sura ya simu inapobadilishwa.

4.0 iOS 7 na Mgawanyiko wa Watumiaji

Kabla ya mwaka 2013, iPhone ilitumia michoro iliyoiga vitu halisi. Rafu ya vitabu ilichorwa kama mbao, programu ya kutafuta marafiki kama ngozi iliyoshonwa, na daftari kama karatasi ya njano yenye mistari. iOS 7, iliyosimamiwa na msanifu Jony Ive, iliondoa mapambo hayo na kuweka rangi bapa, herufi nyembamba na matabaka yanayopitisha mwanga. Apple ilitangaza kwamba ndani ya siku tano vifaa zaidi ya milioni 200 vilikuwa vimepokea toleo hilo.

Walioipokea kwa furaha walisifu wepesi wake na paneli mpya iliyowezesha kuwasha tochi au kuzima mtandao kwa kupangusa mara moja. Waliolalamika walitaja herufi zisizosomeka vizuri, vitufe visivyoonekana kuwa vitufe, na mijongeo ya kioo iliyowapa baadhi yao kizunguzungu. Zaidi ya hayo, baada ya muda mfupi Apple iliacha kuidhinisha urejeshaji wa iOS 6 kwenye simu zilizokuwa zimepokea iOS 7. Aliyevuka hakuwa na njia ya kurudi.

Matukio yaliyofuata yanaonyesha kwamba malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Oktoba 2013, toleo la 7.0.3 lilimwezesha mtumiaji kupunguza mijongeo ile. Machi 2014, toleo la 7.1 likaleta hiari ya kuonyesha maumbo ya vitufe. Kampuni haikurudisha mbao na ngozi, lakini ilikiri kwa vitendo kwamba sura moja haikuwafaa wote.

5.0 Miezi Sita ya Kuvuka

Ulinganisho na kwacha unasaidia kuona kilichokosekana. Zambia haikufuta noti za zamani usiku mmoja. Kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni 2013, noti za zamani na mpya zilitumika pamoja kihalali. Mtu aliyeshika noti mbili zenye tofauti ya sifuri tatu angeweza kuchanganyikiwa au kudanganywa, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi mahali ambapo fedha hubadilishwa mitaani. Hata hivyo, miezi sita ilitoa nafasi ya kukosea na kusahihishwa wakati hesabu ya zamani ingali hai.

Tanzania nayo ina mfano wake, tena wa simu zenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kwamba simu bandia zingezimwa tarehe 16 Juni 2016. Tangazo hilo lilitanguliwa na kipindi cha mpito kilichoanza Desemba 2015. Katika miezi hiyo, mwenye simu aliweza kubonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho wa kifaa chake, kisha kuituma kwenda 15090 ili kujua kama ni halisi. Hatua hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa aliyekuwa na simu bandia alilazimika kununua nyingine. Lakini alijua siku, alijua sababu, na alikuwa na njia ya kuhakikisha hali yake mapema.

Mabadiliko hayo mawili yalikuwa mazito kuliko kuhamishwa kwa aikoni, na yote yalitoa miezi sita. Sura mpya ya simu janja, kinyume chake, huweza kupakuliwa usiku mwenye simu akiwa amelala. Anapoamka hukuta nyumba ni ileile lakini milango imehamishwa.

6.0 Menyu Isiyohama

Pamoja na hayo, ipo sababu ya kihistoria kwa nini mabadiliko ya sura hayajaleta madhara makubwa zaidi katika miji kama Tunduma. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania Aprili 2008, huduma hiyo ilijengwa juu ya msimbo mfupi unaobonyezwa kama namba ya simu: *150*00#. Menyu inayofunguka ni ya maandishi matupu, kwa Kiswahili, na huchaguliwa kwa tarakimu. Hufanya kazi kwenye kitochi na kwenye simu ya kupangusa bila kuhitaji bando la intaneti.

Kwa hiyo, muamala wenye hatari kubwa kuliko yote uliwekwa mahali ambapo wasanifu wa Marekani au China hawapagusi. Mtu aliweza kubadili kitochi kwa Tecno, itel au Infinix, chapa za kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen, na bado akatuma pesa kwa mfuatano ule alioujua. Majina ya kampuni za simu yalipobadilika, kanuni hii ilijidhihirisha tena. Celtel ikawa Zain, kisha Airtel. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Rangi na mabango yakabadilika, lakini msimbo *150*01# ukabaki. Mteja alipoteza jina, akabaki na njia.

Hapa ndipo tofauti ya mapokezi inapoeleweka. Mtu anayefanya miamala yake kwa msimbo anaweza kuiona sura mpya kama pambo, akaifurahia au kuipuuza. Mtu aliyehamishia kazi yake yote kwenye programu za simu huumizwa na kila badiliko. Naye anayeanza kutumia simu janja kwa mara ya kwanza hana mazoea ya kupoteza. Kwake sura mpya ndiyo sura pekee. Umri unaweza kuambatana na makundi haya, lakini hauyaundi.

7.0 Kutoka Karatasi Bapa hadi Kioo

Mkondo wa sura bapa haukuishia kwa Apple. Novemba 2014, Google ilitoa Android 5.0 yenye usanifu ulioitwa Material Design, na watengenezaji wa simu za bei nafuu wakaufuata kwa namna zao. Mwaka 2019, Android 10 ilileta urambazaji kamili kwa kupangusa badala ya vitufe vitatu vya chini, ila aliyevitaka aliweza kuvirudisha kupitia mipangilio. Machi 2024, WhatsApp ya simu za Android ilihamisha safu ya kuchagulia mazungumzo na simu kutoka juu ya kioo hadi chini. Simu nyingi za bei nafuu hupata matoleo machache ya mfumo endeshi, hivyo sura yake hubadilika hasa mtu anaponunua simu nyingine. Programu kama WhatsApp haimsubiri anunue.

Septemba 2025, Apple ilitoa iOS 26 yenye sura iliyoitwa Liquid Glass, ambamo vitufe na menyu hupitisha mwanga kama kioo. Mjadala wa mwaka 2013 ukajirudia karibu neno kwa neno: wengine waliusifu uzuri wake, wengine wakasema maandishi yanapotea juu ya picha zilizo nyuma yake. Novemba mwaka huohuo, toleo la 26.1 likamruhusu mtumiaji kuchagua kati ya kioo angavu na kilichotiwa rangi. Kwa mara nyingine hiari ilikuja baada ya malalamiko.

Kwa anayesoma simu juani karibu na foleni ya malori, utofauti kati ya herufi na mandharinyuma ni sharti la kazi. Na kwa mzee aliyepotezwa na sura mpya, gharama huenda mbali zaidi ya kuchelewa. Asipoiona tena njia yake, humpa mjukuu simu, na pamoja na simu humtajia namba ya siri. Hata kama mjukuu ni mwaminifu, mzee amepoteza uwezo wa kusimamia fedha zake mwenyewe bila shahidi. Hasara hiyo haionekani katika hesabu ya vifaa vilivyopokea toleo jipya.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mgawanyiko wa watumiaji si fumbo. Anayelalamika mara nyingi ndiye aliyekuwa amejifunza zaidi, na anayefurahi mara nyingi ana kidogo cha kupoteza au ana njia nyingine iliyobaki salama. Kuwaita wa kwanza wapinga maendeleo ni kuuhesabu ujuzi wao kuwa si kitu.

Sura za simu zitaendelea kubadilika, na mengine katika mabadiliko hayo yatakuwa na manufaa ya kweli. Kilichojifunzwa mpakani ni masharti ya kuvuka: tangazo la mapema, kipindi ambacho cha zamani na kipya huishi pamoja, na njia ya kurudi kwa atakayeshindwa. Kwacha ilipewa masharti ya awali mwaka 2013. Sura ya simu, ambayo sasa ndiyo mlango wa fedha zenyewe, inastahili angalau kiasi hicho.