Ubaguzi, Sheria za Nchi na Mwelekeo wa Kijinsia

Wanaposhuka kwenye kivuko kutoka Kigamboni na kupita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, au wanaporudi Kariakoo kwenye biashara zao, waamini wengi hubeba swali walilolipata katika simu zao: je, ni kweli kwamba nchi yetu ina sheria inayowalinda watu wa mapenzi ya jinsia moja dhidi ya ubaguzi? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina mambo ambayo muumini anapaswa kuyajua kabla hajapaza sauti, au hajainua mkono.

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake: utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Mwelekeo wa kijinsia na utambulisho wa kijinsia havimo. Havimo pia katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ijapokuwa orodha yake ni ndefu zaidi na inataja hata ujauzito, ulemavu na Virusi vya UKIMWI. Zaidi ya hayo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na chaweza kufika maisha.

Majirani wetu Wakenya wana habari tofauti kidogo. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba neno «jinsia» katika katiba yao linabeba pia mwelekeo wa kijinsia, hivyo kukataa kusajili chama cha watu hao kulikuwa ubaguzi. Uamuzi huo haukufuta makosa yaliyomo katika sheria yao ya jinai, wala hauzifungi mahakama zetu. Tunalisema hili kwa sababu mengi yanayosambazwa hapa mjini kama «sheria mpya» ni habari za nchi nyingine.

Hata hivyo, tusidhani kwamba asiyetajwa katika orodha amewekwa nje ya sheria. Ibara ya 12 inasema juu ya usawa na utu wa kila binadamu, bila kubakiza mtu. Ibara hiyohiyo ya 13 inakataza kumhesabu mtu kuwa mkosaji kabla mahakama haijamtia hatiani, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Sheria huadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Haiadhibu mwendo, sauti, mavazi wala tetesi. Umati unaomzunguka kijana sokoni kwa sababu ya jinsi anavyotembea ndio unaovunja sheria. Mwaka 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu hao, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali.

Kanisa nalo halijabadili mafundisho yake. Katekisimu, namba 2357 hadi 2359, inafundisha kwamba matendo hayo hayawezi kukubaliwa. Hapohapo inaagiza kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Wengi husoma namba ya kwanza na kufunga kitabu. Tamko Dignitas Infinita la Aprili 2024 linakataa nadharia ya jinsia, na linalaani pia kuwafunga, kuwatesa au kuwaua watu kwa sababu tu ya mwelekeo wao.

Linabaki suala la mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji kwa maneno ya majirani. Hakuna kifungu kinachomlinda mpangaji huyo kwa mwelekeo wake. Analindwa na mkataba wake wa pango, kama mpangaji mwingine yeyote. Mwenye nyumba Mkatoliki, pamoja na mkataba huo, ana namba 2358.