Zilipendwa na Nani? Isiolo katika Nyimbo na Televisheni za Miaka ya Sitini

Nyimbo za zamani huitwa zilipendwa na watangazaji na wapenzi wa muziki wa Afrika ya Mashariki. Neno hili ni kitenzi kilichogeuka kuwa jina. Lina kiambishi cha ngeli, kiambishi cha wakati uliopita, mzizi wa kupenda, na alama ya kutendwa. Kisichokuwamo ni mtenda. Nyimbo zilipendwa, lakini aliyezipenda hatajwi. Katika mazungumzo ya kawaida upungufu huo haumsumbui mtu, kwa kuwa msemaji na msikilizaji huchukulia kwamba walipenda wote. Mwanahistoria, hata hivyo, hawezi kuridhika na dhana hiyo. Hana budi kuuliza zilipendwa na nani, zilisikilizwa wapi, na wale ambao hawakuzisikia walikuwa wakisikia nini wakati huo. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuiangalia sehemu moja ya kaskazini ya Kenya, nayo ni Isiolo, na hasa bonde la Mto Ewaso Nyiro ulipo mji mdogo wa Gotu.

Yafaa kuanza na picha iliyozoeleka. Televisheni ilianza kuonekana nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 Serikali ililitwaa Shirika la Utangazaji, nalo likaitwa Sauti ya Kenya. Wakati huo huo studio za Equator Sound mjini Nairobi, chini ya Charles Worrod, zilikuwa zimekusanya vijana hodari wa gitaa, wakiwamo Fadhili William, Daudi Kabaka, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Vijana hao waliichukua twist ya Marekani wakaitia mahadhi ya Kiafrika na maneno ya Kiswahili, na santuri zao zikavuka mipaka. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba "Malaika" katika santuri yao ya mwaka 1965, na mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes ikaurekodi upya wimbo wa Kabaka, "Helule Helule". Mtu akisema leo kwamba miaka ya sitini ilikuwa miaka ya furaha na matumaini, aghalabu ushahidi wake ni nyimbo hizo.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na mipaka yake. Televisheni ya kwanza ilihudumia Nairobi na viunga vyake, na kituo cha pili, cha Mombasa, hakikufunguliwa mpaka mwaka 1970. Gotu ni mahali pa wafugaji, hasa Waborana, na jirani zao Waturkana na Wasamburu. Wanaishi kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na maisha yao yanategemea maji ya Ewaso Nyiro. Mawimbi ya televisheni hayakuwafikia. Hivyo, mtu angeweza kusema kwamba Gotu haina nafasi katika historia ya televisheni na nyimbo za wakati ule, akaishia hapo. Kusema hivyo kungekuwa kosa. Ingawa watu wa Isiolo hawakuitazama televisheni, nchi yao ilitazamwa na dunia nzima.

Asili ya jambo hili ni tukio la mwezi wa Februari mwaka 1956. George Adamson, aliyekuwa msimamizi wa wanyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na makao yake yakiwa Isiolo, alitoka kumsaka simba aliyekuwa amemwua Mborana mmoja. Katika msako huo simba jike alipigwa risasi, na watoto wake watatu wakachukuliwa nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, huko Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki Isiolo akalelewa na George na mkewe, Joy, pamoja na watumishi wao, kisha akafundishwa kuwinda na kuachwa huru katika pori la Meru. Joy Adamson alikiandika kisa hicho katika kitabu "Born Free", kilichotolewa mwaka 1960 na kusomwa katika lugha nyingi. Elsa alikufa mapema mwaka 1961, lakini sifa zake ndiyo kwanza zilikuwa zikianza kuenea.

Filamu ya kitabu hicho ilipigwa nchini Kenya, katika nchi ya Naro Moru chini ya Mlima Kenya, Virginia McKenna na Bill Travers wakiwaigiza Joy na George. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwezi wa Machi mwaka 1966. Wimbo wake ulitungwa na John Barry, maneno yakaandikwa na Don Black, na mwimbaji alikuwa Matt Monro. Mwaka huo huo mpiga piano Roger Williams aliupiga kwa mtindo wake, nao ukapendwa mno Marekani. Mwaka 1967 filamu hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki na moja ya wimbo. Mwaka 1974 kampuni ya televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha mfululizo wa vipindi 13 vyenye jina lile lile, vilivyopigwa Kenya. Kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani waliokuwa watoto wakati huo, wimbo huo na vipindi hivyo ni zilipendwa kwa maana kamili ya neno. Wakiusikia leo, huikumbuka nyika pana, simba akikimbia, na jua likitua.

Sasa yafaa kutazama kilichokuwa kikitendeka katika nyika hiyo hiyo. Tangu wakati wa ukoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa nchi iliyofungwa. Sheria za mwaka 1902 na mwaka 1934 zilizuia watu kuingia na kutoka bila ruhusa, na zikawapa maofisa uwezo usiokuwako katika sehemu nyingine za Kenya. Uhuru ulipokaribia, wakazi wengi wa wilaya hiyo walitaka kujiunga na Somalia, na wengine wakakataa. Waborana wenyewe waligawanyika. Mwezi wa Juni mwaka 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wote wawili walikuwa wakiwashawishi watu wabaki katika Kenya. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, siku chache tu baada ya bendera ya Kenya huru kupandishwa, Serikali ilitangaza hali ya hatari katika kaskazini.

Vita vilivyofuata viliitwa vita vya shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi wa porini. Katika vita hivyo redio ilikuwa silaha. Radio Mogadishu ilitangaza kwa Kisomali ikiwahimiza watu wa kaskazini wajitenge, na Sauti ya Kenya ikajibu kwa lugha hiyo hiyo. Basi chombo ambacho Nairobi kilileta twist na salamu za wapenzi, kaskazini kilikuwa uwanja wa mapigano ya maneno, na mtu aliyekisikiliza angeweza kuhukumiwa kwa sauti iliyotoka ndani yake.

Mwaka 1966, mwaka ule ule wa filamu ya Elsa, Serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa. Waborana wa Isiolo waliwekwa katika vituo kama vile Garba Tula, Merti na Modogashe. Mfugaji aliyekutwa nje ya mipaka iliyowekwa alihesabiwa kuwa adui. Mifugo mingi ilitwaliwa au kuuawa kwa risasi, na iliyobaki ikafa kwa kukosa malisho, kwa kuwa ngamia hawezi kulishwa palepale kila siku. Kwa makadirio ya wachunguzi waliofanya kazi Isiolo baadaye, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ngamia wa wilaya hiyo zilipotea kati ya mwaka 1963 na mwaka 1970. Waborana wanakiita kipindi hicho Gaafa Daba, yaani wakati wa kuzuiwa. Vita vilikoma baada ya mapatano ya Arusha ya mwezi wa Oktoba mwaka 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini wakati wa vita, na sheria za hatari hazikufutwa mpaka mwaka 1991.

Ndipo jina la wimbo ule linapodai kuchunguzwa. Maneno hayo ya Kiingereza, kwa mpangilio wa "free born", yamo katika tafsiri ya kale ya Biblia ya Kiingereza, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 22. Hapo Mtume Paulo amefungwa kamba apigwe mijeledi, naye anauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Jemadari anasema kwamba yeye mwenyewe aliupata uraia kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye amezaliwa nao. Katika Kiyunani neno "huru" halimo katika jibu hilo. Kinachozungumzwa ni haki ya raia ya kutopigwa wala kufungwa bila hukumu. Maneno haya, kabla ya kuwa wimbo wa simba, yalibeba hoja ya mtu aliyekuwa mikononi mwa askari. Hiyo ndiyo hoja ambayo mfugaji wa Isiolo wa mwaka 1966 angekuwa na sababu ya kuitoa, lakini hapakuwa na mahakama ya kuisikiliza.

Kiswahili nacho kina neno lake la kale kwa maana hiyo. Mwungwana, katika miji ya pwani, alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Baadaye neno lilipanuka, likawa na maana ya mtu mwenye adabu na heshima. Maana ya kwanza inahusu haki ambayo mtu anazaliwa nayo. Maana ya pili inahusu mwenendo anaojifunza. Sadfa ni kwamba mwaka huo huo wa 1966 ndipo kilipoanza katika Sauti ya Kenya kipindi mashuhuri cha Leonard Mambo Mbotela, "Je, Huu ni Ungwana?", kilichodumu kwa miongo mingi. Mbotela, aliyefariki mwezi wa Februari mwaka 2025, alitoka katika wazao wa watumwa walioachwa huru wa Freretown, Mombasa. Kipindi chake kiliuliza juu ya mwenendo wa kila siku wa watu. Lakini swali lililo katika jina lake ni pana kuliko kipindi chenyewe, kwani linawafaa pia wenye bunduki na wenye mamlaka, na katika maana zote mbili za neno.

Haitakuwa haki kuwatwika akina Adamson, au watunzi wa wimbo, lawama ya mambo ya Gaafa Daba. Hawakuamuru watu wafungiwe vijijini, na kitabu cha Joy kiliwafundisha mamilioni kwamba mnyama si chombo cha mchezo. Wala mtu anayeupenda wimbo huo tangu utoto hana kosa. Lililo wazi ni jinsi picha inavyoweza kuwa ya kweli na bado ikaficha. Simba alikuwako, na nyika ilikuwako. Mborana aliyeuawa, ambaye kifo chake ndicho kilichoanzisha kisa chote, anapita katika ukurasa wa mwanzo na kutoweka. Katika kumbukumbu iliyojengwa na filamu na wimbo, nchi ya Isiolo ni nchi ya wanyama, na watu wake ni wapitaji.

Kumbukumbu ya namna hiyo haiishii katika hisia. Mwaka 1974, mwaka wa vipindi vya NBC, Shaba, nchi iliyo kando ya Ewaso Nyiro, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Huko ndiko Joy Adamson alikomlea chui wake, Penny, na huko ndiko alikouawa tarehe 3 Januari 1980. Mwaka 2001 televisheni ya Marekani ilirudi Shaba kupiga mashindano ya "Survivor", ambamo Wamarekani walishindana kuishi katika nyika kavu kwa siku 39 ili mshindi apate dola milioni moja. Watazamaji walionyeshwa kwamba kuishi huko ni ushujaa. Bondeni humo humo, kwa watu wa Gotu na jirani zao, kuishi huko ni kazi ya kila siku isiyo na tuzo.

Historia ya zilipendwa, basi, haina budi kuandikwa pamoja na historia ya wasiokuwa na santuri. Katika Isiolo kazi hiyo ina haraka, kwani mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Gaafa Daba sasa amepita 75. Waborana wana nyimbo za ng'ombe, za ngamia na za visima, na wazee wanaokumbuka waliimba nini katika vijiji vile, na waliacha kuimba nini walipokuwa hawana tena ngamia wa kuimbiwa. Hizo nazo zilipendwa, na waliozipenda wanaweza kutajwa kwa majina na kwa mahali: Garba Tula, Merti, Modogashe, Gotu.