Kirangozi na Nyapara

Neno kiongozi, ambalo siku hizi hutajwa katika kila hotuba na kunasibishwa na kila mwenye meza kubwa, lilikuwa na maana nyembamba zaidi, na kwa rai yangu yenye heshima zaidi, katika zama zile ambapo njia ya kwenda bara ilikuwa uchochoro usiozidi upana wa nyayo mbili, na mali yote ya biashara, pembe na shanga na majora ya nguo, ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanadamu. Kirangozi, kama walivyomwita watu wa misafara, hakuwa tajiri wa safari wala mwenye mali; alikuwa mmoja miongoni mwa wapagazi, aghalabu Mnyamwezi, aliyeijua njia, aliyeshika bendera, na aliyewatangulia wenzake kutoka Bagamoyo au Saadani hadi Tabora, na pengine hadi Ujiji penye ziwa, mwendo ambao mtu hakuumaliza ila kwa miezi mitatu, minne, na zaidi.

Nilipata kukaa siku mbili katika semina ya mameneja, ambako mwalimu wetu, mtu mwema na mnyenyekevu, alituchorea ubaoni duara na mishale ili tufahamu namna ya kuwaunganisha watu katika kazi ya biashara, na mifano yake yote ikatoka nchi za mbali, katika viwanda vya magari na kampuni za kompyuta. Sina nia ya kumdhihaki, kwani mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Ila muda wote nilikuwa nikiwaza kwamba katika nchi hii hii, kabla ya reli na kabla ya simu, watu waliendesha shughuli zenye wafanyakazi mia tatu, mia tano, na pengine elfu, wa kabila nyingi na lugha nyingi, katika nyika isiyo na askari wa kumkamata mtoro, na mali ikafika. Walifanyaje?

Kwanza yapasa kufahamu kwamba mpagazi hakuwa mnyonge kama tunavyomdhania tunapoziona zile picha za kale. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya fahari, na kijana asiyepata kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mbele ya wenziwe, wala wasichana hawakumtazama mara mbili. Aliteremka pwani wakati wa kiangazi, kazi za shamba zilipokwisha, akapatana ijara yake kwa nguo, na baadaye, ilipofika miaka ya 1870, kwa reale, ambapo ada iliyozoeleka kwa watu wa Unguja na Bagamoyo ilikuwa reale tano kwa mwezi, na sehemu yake ikitolewa kabla ya kuondoka. Mzigo ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili sabini au pungufu kidogo. Na pembe iliyozidi uzito wa mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa namna waliyoiita mzigaziga. Mtu aliyejua thamani ya mabega yake hivyo hakuburuzwa. Akidhulumiwa posho, aliutua mzigo chini. Na wenziwe wakiona kwamba haki ni yake, wao pia walitua, na tajiri akabaki ameketi juu ya majora yake katikati ya pori kama mtu aliyepwelewa na maji.

Richard Burton, Mwingereza aliyeipita njia hiyo mwaka 1857 na kuiandika kwa jicho kali na ulimi mkali zaidi, amemweleza kirangozi jinsi alivyotoka asubuhi: kitambaa chekundu kilichopasuliwa tundu kikavaliwa shingoni, ngozi ya mbega mgongoni, manyoya ya ndege kichwani, na mkononi bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja, ambayo mvua na miiba ilikuwa imekwisha kuifanya matambara. Nyuma yake alifuata mpiga ngoma, kisha wachukuzi wa pembe, wengine wakiwa wamezifunga kengele pembe zao ili zilie kwa kila hatua, kisha wa nguo na shanga, kisha wa masango na vyombo, na mwisho wa yote wagonjwa, wanawake na watoto. Kirangozi alipotua, wote walitua. Na palikuwa na sharti moja ambalo mimi huliona kuwa la hekima kubwa: mtu yeyote aliyempita kirangozi njiani alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa uwe ushahidi, na kambini akaukomboa kwa faini. Hapakuwa na haja ya kumpiga wala kumtukana, kwa kuwa mshale ulikuwa umekwisha kusema.

Wala usidhani kwamba cheo hicho kilikuwa raha. Kirangozi alibeba mzigo, ingawa mwepesi kuliko wa wenziwe. Alikanyaga umande na nyoka kabla yao. Na kama njia imepotea au kisima kimekauka, lawama yote ilikuwa yake. Kabla ya kuondoka alimwendea mganga kwa dawa ya safari. Siku ya kwanza msafara ulikwenda mwendo mfupi mno, saa moja au mbili tu nje ya mji, ukapiga kambi. Wageni wa Kizungu walikasirika wakidhani ni uvivu, ilhali ilikuwa tadbiri ya watu wazoefu: aliyesahau chungu chake arudi kukichukua, aliyeona kamba ya mzigo inalegea aifunge upya, na mwenye nia ya kutoroka atoroke mapema, angali karibu, kuliko kutoroka katika Mgunda Mkali ambako maji yapo mbali na msafara hulazimika kutelekeza, yaani kuondoka alasiri, kulala njiani bila ya maji, na kuamkia safari.

Lakini siri ya msafara, kama nionavyo, haikuwa kwa kirangozi peke yake. Ilikuwa katika kambi. Neno hili twalifahamu leo kwa maana ya mahali pa kutua, walakini kwa wapagazi lilikuwa pia na maana ya watu wenyewe, wale wachache waliolala banda moja na kula chungu kimoja, mara nyingi wa ukoo mmoja au kijiji kimoja. Jua lilipopinda na mizigo ikatuliwa, hakuna aliyengoja amri; mmoja alishika kibuyu akaenda kutafuta maji, mwingine akakata matawi ya banda, mwingine akakusanya kuni, na mwingine akatwanga ule mtama wa posho, kibaba kimoja kwa kila mtu kwa siku. Ukipita jioni katika uwanja wa msafara wa watu mia tatu ungaliona mioto thelathini au arobaini, na kila moto una mkubwa wake. Mtu akiugua, watu wa chungu chake ndio waliogawana mzigo wake siku ya pili. Akitoroka, wao ndio walioulizwa. Kirangozi na wanyampara, wasimamizi wa mafungu, hawakuwa na haja ya kujua tabia za watu mia tatu. Waliwajua wakubwa wa mioto, na hao wakawajua wengine. Yule mwalimu wetu wa semina alisema kwamba kundi likizidi watu kumi huanza kuharibika, akaitaja kuwa ni elimu mpya.

Na palipokuwa na jambo zito, hongo ya mtemi, yaani ushuru wa njia, iliyopanda kupita kiasi, au hitilafu ya njia mbili, paliitwa shauri. Watu wenye haraka walichukia sana mashauri haya, na vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko juu ya siku zilizopotea kwa maneno. Lakini aliyekata neno peke yake mara nyingi aliamka akakuta mizigo ipo na wachukuzi hawapo.

Haifai kuipamba biashara hii kupita kiasi. Njia ile ile ya pembe ilikuwa njia ya watumwa, na wengi miongoni mwa wapagazi wa pwani walioitwa wangwana walikuwa watumwa wa watu wa pwani, waliokodishwa na kulazimika kuwapa mabwana zao sehemu ya ujira wao. Sidi Mubarak Bombay, ambaye wasafiri wengi wakubwa wa karne ile walimhitaji, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa, akaishi miaka mingi Bara Hindi, akarudi akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Alifuatana na Burton na Speke mwaka 1857, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyevuka bara zima hadi bahari ya magharibi. Katika moja ya safari hizo Speke, kwa ghadhabu, alimpiga ngumi hata meno yake ya mbele yakang'oka, na Stanley alipokutana naye miaka kumi baadaye aliliona pengo. Mtu aliyepigwa hivyo mbele ya watu anaowasimamia hawezi tena kuwasimamia kama jana, na kosa hilo la Speke, kwa hesabu ya biashara tu na bila kutaja ubinadamu, lilikuwa hasara tupu.

Hapo ndipo nyapara anapoingia. Mnyampara kwa Kinyamwezi alikuwa mtu mzima mwenye kauli, na katika msafara alikuwa msimamizi wa fungu la wapagazi, mpatanishi kati yao na tajiri, mwenye kuwasemea. Ulipokuja utawala wa Wajerumani, na mashamba ya mkonge na barabara za kulazimishana, jina likabaki na kazi ikageuka: nyapara akawa mtu wa kusimama kivulini na kiboko, akiwasemea walio juu kwa walio chini, na asiwasemee walio chini kwa yeyote. Hata leo, mfungwa anayewekwa kuwasimamia wafungwa wenziwe gerezani huitwa nyapara, wala sijapata kumsikia meneja hata mmoja anayetaka kuitwa hivyo, ingawa wapo wanaostahili. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na biashara ya mabega ikafa. Kisha vikaja vita, na watu wakakamatwa vijijini kwa maelfu wabebe mizigo ya majeshi, bila ya kupatana ujira, bila ya kambi waliyoichagua, bila ya mtu wa kuwasemea. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jeshi la wachukuzi wa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na kutokana na hilo twapata Kariakoo.

Nataka nimrudishe msomaji nyuma kidogo, mwezi Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, ambako David Livingstone alikutwa alfajiri amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda. Tajiri wa safari amekufa. Wapo mbali na pwani mwendo wa maili elfu. Hapana tena wa kuwalipa wala wa kuwaadhibu. Kwa kila kanuni ya nyapara msafara ule ulikuwa umekwisha siku ile, kila mtu achukue awezacho aende zake. Abdallah Susi na James Chuma, watumishi wa marehemu, waliwakusanya watu wote, wakawaeleza yaliyotokea, wakawataka shauri. Na watu wakajibu kwamba hao wawili ni wazee wa safari, nao watawafuata. Jambo la kwanza walilolifanya halikuwa kutoa amri. Yalifunguliwa masanduku ya marehemu mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichomo, ili asipatikane baadaye mtu wa kuambiwa kwamba ameiba. Kisha wakaamua kuichukua maiti hadi pwani. Moyo na matumbo wakayazika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea.

Tabora walikutana na Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wamzike palepale, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Karibu na Kasekera wenyeji waliapa kwamba maiti haipiti katika nchi yao. Basi wakafunga furushi la mabua ya mtama kwa umbo la mtu, wakalipeleka nyuma kwa maombolezo kama wanarudi kuzika, na usiku wale waliolichukua wakalitawanya porini, wakarudi mmoja mmoja. Maiti yenyewe ilifungwa upya kama robota la nguo, ikapita juu ya bega la mpagazi kama mali nyingine yoyote. Tadbiri kama hiyo inataka watu wengi wafiche siri moja kwa siku nyingi, wala haipatikani kwa kiboko.

Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa. Maiti ikakabidhiwa, watu wakalipwa na kutawanyika. Aliyepandishwa meli kufuatana na jeneza hadi London ni Jacob Wainwright, kwa kuwa alijua kusoma. Nishani zilizotengenezwa Uingereza kwa ajili ya wapagazi wale zilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kwenda makwao au safarini. Chuma alirudia kazi yake. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston akafa njiani, na Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja asiyeijua nchi, akafika Nyasa na Tanganyika na kurudi salama akiwa na Chuma pembeni yake. Kitabu cha safari hiyo kina jina la Thomson. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, akiwa bado hajawa mzee.