Kuhama Linux: mafaili yasiyoonekana

Humu bwenini kila mwisho wa muhula lazima utamkuta mtu anahamia toleo jipya la Linux, na swali ni lile lile: nikopi nini? Wengi wanakopi wanachokiona tu: maandalio ya masomo, picha, miziki. Halafu barua pepe hazipo. Zimekwenda wapi?

Tuanze na nukta. Kwenye Unix, ambayo Linux iliiga mtindo wake, faili linaloanza na nukta halionekani. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba jambo hilo hata halikupangwa. Walitaka tu amri ya ls isionyeshe "." na "..", wakatumia njia ya mkato: chochote kinachoanza na nukta kirukwe. Waandishi wa programu wakaona, ala, kumbe hapa pazuri pa kuficha mipangilio! Folda ya nyumbani ikajaa vitu usivyoviona.

Mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa chuo kama sisi (Tübingen, Ujerumani), akaanzisha KDE. Mambo yake yakawekwa ndani ya .kde, na si rangi za madirisha tu. KMail, programu yake ya barua pepe, ilitunza barua zenyewe humo humo, kwenye .kde/share/apps/kmail/mail. Yaani barua ya msimamizi wako wa utafiti inalala chumba kimoja na rangi ya dirisha! Kwa maoni yangu hapo ndipo balaa lilipoanzia. Rangi ikipotea unacheka. Barua ikipotea je?

Januari 2008 ikatoka KDE 4.0, desktopu iliyosukwa upya kabisa. Wenzetu wa openSUSE wakaitengea folda yake, .kde4, ili ile ya zamani isichafuliwe. Salama, ila ukiingia unakuta kweupe kama umeajiriwa leo. Mwaka 2011 KMail nayo ikahamia ghala jipya liitwalo Akonadi, na hapo watu walilia kweli, manake kwa wengine uhamisho uligoma katikati. Kitabu cha anwani, std.vcf, hakikuwa na shida hiyo: vcf ni muundo unaosomwa na programu nyingi, hata za simu.

Dawa ilikuwepo tangu 2003. Freedesktop.org waliandika utaratibu: mipangilio ikae .config, data yako .local/share, vya muda .cache. KDE ilikuja kuufuata vizuri kwenye Plasma 5, mwaka 2014. Hata hivyo Flatpak nayo imejifungulia chumba chake, .var/app. Haya bwana!

Kwa hiyo ukikopi leo, kwenye GNOME bonyeza Ctrl+H uone vilivyojificha. .cache iache. .local/share na .var/app usiviache, na kama unatumia Thunderbird beba .thunderbird. .config ichukue, lakini desktopu mpya ikileta vituko, anza na mipangilio mipya.

Mwenye diski ya zamani yenye .kde, anipigie hodi tuichungulie kabla hajaiformati.