Kuagana na Mbwa wa Nyumbani: Historia ya Kwetu Sake

Wengi watashangaa kuona tunaandika juu ya mbwa ndani ya kitabu cha mila. Watasema: watu wamekufa, ng'ombe wa Masisi wameibwa, na ninyi mnalilia mbwa? Lakini historia ya kwetu si ya wami na vita tu. Iko pia ya wale walioishi na sisi ndani ya lupango.

Tuanze na wazee. Upande wa Walikale na milima ya Masisi, mwindaji bila mbwa alikuwa nusu mwindaji. Mbwa wa misitu ya Kongo ni mdogo, masikio wima, mkia umejikunja, na habweki sawa wengine. Juu ya ile, wawindaji walimfunga kengele ya mti ili wasikie amefika wapi. Wazungu wanamwita basenji. Mwaka 1895 waliwaonyesha wachache London, lakini hawakuishi, walikufa kwa ugonjwa. Hata hadithi ya Mwindo iko na wawindaji: Wambuti wanatoka kuwinda, na msituni wanakutana na joka Kirimu. Candi Rureke aliimba hadithi hiyo kwa Kinyanga mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kitabu mwaka 1969.

Wakati ule kuagana na mbwa kulikuwa na uchungu, lakini kulieleweka. Mbwa alizeeka, ao nguruwe wa pori alimpasua, kengele ikanyamaza. Mwenyeji wake alijua amekufa namna gani.

Vita ndiyo iligeuza mambo. Sake iko kilometa 25 hivi toka Goma, pale barabara ya Masisi na ya Minova zinapoachana, na kila vita inapita kwetu. Tulikimbia mwezi wa 11 mwaka 2006, askari wa Laurent Nkunda walipoingia. Tulikimbia tena mwezi wa 11 mwaka 2012, wakati wa M23. Mwezi wa 2 mwaka 2024 mabomu yalitusukuma mpaka kwenye makambi ya Mugunga na Bulengo, na mwezi wa 1 mwaka 2025 M23 ikachukua Sake, kisha Goma.

Siku ya kukimbia, mama anabeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Baba anabeba godoro. Mwenye motari hakubali kupakia mbwa, na kambini posho haitoshi hata watoto. Basi tunaagana na mbwa mzima, anayetuangalia. Wengine wanafungua kamba na kumwachia ugali uliobaki. Wengine wanamtupia jiwe. Si kwa chuki, ni juu asifuate akakanyagwa na magari. Kumbe lile jiwe ndilo mtu anakumbuka usiku chini ya sheeting.

Tena kuna mbwa wa kuokota. Vita inamwacha bila mwenyeji, anakuja kulala mlangoni pako, watoto wanampa jina, na kabla ya mwaka kwisha amekuwa wa nyumba. Halafu risasi zinalia tena. Huyu anaachwa mara ya pili, na haelewi sababu hata moja. Tunafikiri ndiyo maana watoto wanamlilia sana: wao pia wameacha nyumba zaidi ya mara moja.

Tunaomba nini, basi? Kwanza, mtu asimwache mbwa amefungwa. Kamba ndiyo inamuua kwa njaa. Pili, kama kuna jirani anayebaki, umkabidhi kwa mdomo, na jina lake, sawa wazee walivyokabidhi kitu cha thamani. Tatu, mwenye kuokota mbwa amtafutie chanjo ya kichaa cha mbwa. Akimuuma mtoto, kidonda kioshwe mara moja na maji mengi na sabuni, kisha mtoto apelekwe hospitali bila kungoja. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Na jambo la mwisho ni la sisi tunaokusanya historia. Tukikaa na jamaa kuandika nani alizaliwa wapi na nani alikimbia mwaka gani, tuulize pia: mbwa wenu aliitwa nani, na mlimwacha wapi? Mtu mzima atacheka kidogo, kisha atanyamaza. Mtoto atajibu mara moja.