UWANJA, MITI NA ZAHANATI: NANI ANAAMUA KIJIJINI?



Kuna swali linaulizwa sana huku Tindiga na vijiji vingine vya Kilosa: hivi lile eneo la wazi ni la nani? Mmoja atakwambia la serikali, mwingine la mwenyekiti, wa tatu la aliyewahi. Wakati tunabishana, mtu anakuja na tepu, kesho yake tofali zinamwagwa. Na uwanja ukishakatwa viwanja haurudi tena.

Mimi nimemaliza form four tu, sio mwanasheria. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo hata kwa Kiswahili, kwa hiyo nimeona niwawekee hapa mambo ya msingi. Kwa kifupi: eneo la pamoja ni la wanakijiji wote, na wenye neno la mwisho ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Lakini neno ambalo halijaandikwa kwenye muhtasari ni kelele tu.

NANI NI NANI

Watu wengi wanachanganya halmashauri mbili. Iko hivi:

- Halmashauri ya Kijiji: wajumbe 15 hadi 25, mwenyekiti mliyemchagua nyie, na mtendaji (VEO) ndiye katibu.
- Mkutano Mkuu wa Kijiji: kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yanasomwa.
- Kata: Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake ni diwani. Inapokea mapendekezo ya vijiji.
- Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa: hawa ndio wenye bajeti na wataalamu, yaani ofisa ardhi, ofisa misitu, bwana afya na wengine.

Kwa hiyo wilaya inasaidia, ila maombi yanaanzia chini. Kijiji kikikaa kimya, wilaya nayo haina cha kujadili.

ENEO LA WAZI

Sheria inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Mwenyekiti na VEO wakikaa wawili ofisini wakamgawia mtu, hiyo sio halali hata kama kuna muhuri.

Kuna kitu kizuri zaidi ambacho wengi hatukijui. Eneo ambalo kabla ya sheria hiyo lilikuwa linatumiwa na jamii kwa mazoea, sheria inalitambua kuwa ardhi ya pamoja ya kijiji, hata kama hakuna aliyewahi kulitenga rasmi. Yaani ule uwanja ambao wazee walicheza mpira enzi zao una ulinzi tayari. Ardhi ya pamoja hagawiwi mtu binafsi, na kijiji kinatakiwa kuwa na rejista ya maeneo hayo.

Hili sio jambo dogo kwa wilaya yetu. Tarehe 8 Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ardhi na malisho vilikuwa katikati. Mipaka isiyoeleweka sio ugomvi wa karatasi tu jamani, watu wanakufa.

AFYA INAINGIAJE HAPA?

Inaingia sana. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kwa siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Presha na kisukari sio magonjwa ya mjini tu siku hizi. Kijijini hakuna jimu, jimu yetu ni uwanja. Tena kivuli cha mwembe ndipo akina mama wanapokaa nesi akija na chanjo.

Halafu kuna maji. Sisi tuko bondeni, mvua ikinyesha milimani inakuja kutusalimia huku. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta pale Kilosa, zaidi ya watu 20,000 wakaathirika, na reli ya kati ikakatika. Mafuriko yakipita yanaacha vyoo vimejaa, visima vichafu na mbu. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Miti na majani ya kando ya mto hushika udongo na kupunguza kasi ya maji. Ukifyeka mpaka ukingoni upate matuta mawili ya mahindi, unakuja kuyalipia kwa nyumba yako, au ya jirani.

MFANO WA HAPA HAPA KILOSA

Kuanzia 2012 hadi 2019 kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu wa mashirika ya TFCG, MJUMITA na wenzao, kwa fedha za Uswisi. Vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta vilitenga misitu yao na kupanga matumizi ya ardhi. Mkaa ulichomwa kwenye sehemu ndogo tu ya msitu, kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue. Ushuru uliingia kijijini, na mkutano wa kijiji ndio uliamua matumizi: madarasa, zahanati, maji. Kwa hiyo msitu uliopangwa na kuandikwa ulizaa hata huduma za afya.

ZAHANATI

Kila zahanati ya serikali inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna utaratibu wa kupeleka pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kwa hiyo dawa zikikosekana, pamoja na kumlaumu nesi, muulize mjumbe wa kamati: pesa iliingia kiasi gani, mlipanga nini? Ni haki yako.

UFANYE NINI SASA

1. Andikeni orodha: uwanja, makaburi, kisima, msitu, kingo za mto, eneo la zahanati. Waulizeni wazee kila eneo limetumika tangu lini.
2. Ombeni liingie kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu. Nendeni wengi, sio watatu.
3. Hakikisheni muhtasari umeandikwa, na mahudhurio yamesainiwa. Ombeni nakala.
4. Mpelekeeni diwani nakala, mkiomba ofisa ardhi aje kupima na kuweka alama, na eneo liingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi.
5. Wahini. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bajeti inapangwa miezi mingi kabla. Ukipeleka ombi Mei umeshachelewa.
6. Kikundi cha vijana kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ulisitishwa 2023 ukarudishwa 2024. Kitalu cha miche ni biashara, na kila halmashauri ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Miche itatoka wapi kama sio kwetu?

Vijana tunalalamika sana vijiweni, halafu siku ya mkutano wanakwenda wazee peke yao. Mkono usionyooshwa hauhesabiwi.

Ni hayo tu wadau. Kijijini kwenu uwanja bado upo? Mkutano wa mwisho ulikaa lini? Tiririkeni hapo chini.