Moyo wa Mtoto Tumboni: Nani Anashika Breki?

Leo tupumzike kidogo na habari za simu na kompyuta, tuangalie mtambo ulio mkongwe kuliko hizo zote: ule unaoongoza mapigo ya moyo wa mtoto mama anapokuwa katika uchungu wa kuzaa. Historia yake inamgusa yeyote aliyewahi kukesha akisoma logi za seva. Kupata data ni kazi moja, kujua data inasema nini ni kazi nyingine. Na hapa ukisoma vibaya, mtoto anaweza kufa, au mama akapasuliwa bila sababu.

Mwaka 1818 daktari mpasuaji wa Geneva, François Mayor, aliweka sikio kwenye tumbo la mama mjamzito akasikia moyo wa mtoto. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, Kergaradec alijaribu kwa stethoskopu, kifaa kilichobuniwa na Laennec mwaka 1816. Alitaka kusikia maji yakicheza tumboni. Badala yake akasikia mapigo ya haraka, kama tiktik ya saa, yasiyolingana na ya mama. Akauliza: je, mapigo haya yakibadilika, tunaweza kujua kama mtoto ni mzima au ana shida? Swali hilo bado halijamalizika. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, alitengeneza kile kibomba chenye umbo la tarumbeta ambacho wakunga wetu wanakitumia hadi leo.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakitafuta breki. Mwaka 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba ukipitisha umeme kwenye neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kushuka hadi kifuani, moyo unapunguza mwendo au unasimama. Mwaka 1921 Otto Loewi, akitumia mioyo ya vyura, alionyesha kwamba neva hiyo hufanya kazi kwa kumwaga kemikali. Baadaye ilijulikana kuwa ni asetilikolini. Kwa hiyo moyo una nguvu mbili: vagasi ni breki, na neva za simpathetiki ni mafuta. Moyo wa mtoto aliye tayari kuzaliwa kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na ule mpandoshuko mdogo wa kila mara ni dalili kwamba ubongo unaendelea kuuongoza.

Sasa uchungu ukianza, nini kinatokea? Kila mara tumbo la uzazi linapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma hubanwa na oksijeni ya mtoto hushuka. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua chake kuna vihisio vya kemikali vinavyopima oksijeni hiyo. Vikiona imepungua vinapeleka taarifa kwenye shina la ubongo, nalo linatoa amri mbili. Vagasi inakanyaga breki, moyo unapiga polepole na kutumia oksijeni kidogo. Mishipa ya mikono, miguu na utumbo inabanwa, ili damu iende zaidi kwenye ubongo na moyo. Tumbo likilegea, oksijeni inarudi na breki inaachiliwa. Kushuka kwa mapigo namna hii ni kinga. Hatari inakuja pale tumbo linapokaza tena kabla mtoto hajapumua, kama ningeweza kusema hivyo. Akiba inaisha, na mwishowe moyo wenyewe unachoka. Kwenye karatasi, mteremko wa kinga na mteremko wa kuchoka vinaweza kufanana.

Karatasi yenyewe ililetwa na mashine. Mwaka 1958 Edward Hon wa Yale alieleza jinsi ya kurekodi mapigo hayo kwa elektroniki. Caldeyro-Barcia na wenzake kule Montevideo walifanya kazi ya aina hiyo, na mwaka 1968 mashine ya Hammacher na Hewlett-Packard iliingia sokoni. Hon aliigawa miteremko kwa umbo na kila umbo akalipa chanzo: huu ni wa kichwa kubanwa, huu wa kamba ya kitovu, huu wa kondo la nyuma. Majina hayo yakaingia vitabuni.

Mashine zilienea kabla hazijapimwa vizuri. Jaribio la Dublin la mwaka 1985, lenye wanawake karibu 13,000, lilionyesha kwamba kurekodi mfululizo kulipunguza degedege za watoto wachanga, lakini watoto walipofika miaka minne kupooza kwa ubongo hakukuwa kumepungua. Majaribio yote yakijumlishwa, upasuaji uliongezeka. Basi sisi watu wa programu tukasema, acha kompyuta isome. Jaribio la INFANT, lililochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanawake zaidi ya 46,000 nchini Uingereza na Ayalandi, lilijaribu programu ya kuwasaidia wakunga kusoma. Matokeo ya watoto hayakuwa bora.

Kwa nini? Sababu moja iko kwenye vile vitabu. Mwaka 2016 watafiti wa Auckland, Lear, Bennet na Gunn, wakitegemea majaribio ya vijusi vya kondoo, walitoa hoja kwamba miteremko mingi ya wakati wa uchungu hutokana na vile vihisio vya oksijeni, na kwamba ushahidi wa kichwa kubanwa ni dhaifu. Kama hoja yao ni sahihi, programu inayotambua maumbo inafundishwa lebo zenye kasoro, hata hesabu zake zikiwa safi namna gani.

Hapa jirani, Tanzania, kimejaribiwa kifaa kidogo cha Kinorwe kiitwacho Moyo, jina la Kiswahili kabisa. Kiligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi kuliko kibomba cha Pinard. Ni hatua nzuri. Lakini baada ya kengele kulia, lazima awepo mkunga wa kuuliza: tumbo linakaza mara ngapi, na mtoto anapata nafasi ya kupumzika? Ndugu zangu wa programu mnaotaka kuingia kwenye afya, someni kwanza jinsi breki inavyofanya kazi, halafu mwandike msimbo.